Kinga ya kompyuta nyumbani: ya bure au ya kununua?

Katika maduka ya kompyuta ya Olaya mjini Riyadh, na yale ya barabara ya Falasteen mjini Jeddah, biashara huwa haijamalizika kompyuta inaporudishwa kwenye boksi lake. Muuzaji hutoa kijisanduku kingine, chembamba, chenye kadi ya namba za siri ndani yake, na kumwuliza mteja kama angependa kuongezewa programu ya kukinga virusi kwa muda wa mwaka mmoja.

Kwa mhamiaji kutoka Afrika Mashariki, swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Kila riali inayobaki Riyadh ni riali isiyofika Mombasa, Tanga au Masaka, na mwisho wa mwezi hesabu za karo na dawa huwa zinamngoja ng'ambo ya pili. Hata hivyo, kompyuta hiyohiyo ndiyo itakayohifadhi nakala za pasipoti na za iqama, yaani kibali cha ukaazi. Ndiyo pia itakayofungua akaunti ya benki na ukurasa wa Absher, ambako Wizara ya Mambo ya Ndani ya Saudi Arabia hutoa huduma zake nyingi kwa raia na wageni. Mwizi akiingia humo, hasara haitapimwa kwa bei ya kijisanduku.

Miaka ya 2000 mteja huyo angeshauriwa bila kusita kwamba kompyuta isiyo na programu ya kukinga virusi haifai kuunganishwa na intaneti. Ushauri huo haujafutwa, lakini mazingira yake yamegeuka. Kompyuta nyingi zinazouzwa leo huwa tayari zina kinga ndani yake, na kabla ya mtu kuamua kulipa au kutolipa kuna jambo jingine linalotangulia: hali ya kompyuta yenyewe.

Kompyuta moja, watu wengi

Al-Suwaidi ni mtaa mkubwa wa kusini-magharibi mwa Riyadh. Wasikilizaji wa redio walilisikia jina lake Juni 2004, pale waandishi wawili wa BBC waliposhambuliwa kwa risasi mtaani humo na mmoja wao, mpiga picha Simon Cumbers, akauawa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2024, jina hilo lilisikika kwa sababu tofauti kabisa: bustani ya mtaa huo ilikuwa uwanja wa wiki za utamaduni za jamii za wageni, Wasudani wakiwamo, katika tamasha la Msimu wa Riyadh.

Katika nyumba za wahamiaji wa mitaa kama huo, kompyuta ni mali ya wote. Baba huifungua usiku kuangalia salio la benki, mama huitumia kuzungumza na jamaa walio nyumbani, na watoto huifanyia kazi za shule. Ugonjwa wa Uviko ulipofunga shule mwaka 2020, Saudi Arabia ilihamishia masomo kwenye jukwaa la intaneti liitwalo Madrasati, na familia zilizokuwa zikitegemea simu pekee zikalazimika kutafuta kompyuta. Ambao hawakumudu mpya walikimbilia za mitumba.

Kompyuta ya namna hiyo ina wageni wengi. Flashi ya rafiki huchomekwa, mchezo wa kompyuta hupakuliwa na mtoto, kiambatisho cha barua pepe hufunguliwa na mtu ambaye hakumjua aliyekituma. Mmoja akikosea, wote wameingiliwa.

Programu hizi hufanya nini

Programu ya kukinga virusi hufanya kazi kama mlinzi wa getini aliyepewa picha za wahalifu. Kila faili linaloingia hulinganishwa na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana, na likifanana na mojawapo huzuiwa. Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba mhalifu mpya hana picha. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzipima programu hizi, husajili kila siku zaidi ya programu mpya 450,000 zenye madhara au zisizotakiwa. Hakuna orodha inayoweza kwenda sambamba na kasi hiyo.

Kwa sababu hiyo mlinzi wa kisasa huangalia pia mwenendo. Programu inayoanza ghafla kufunga picha na nyaraka zote za mtumiaji kwa maandishi ya siri husimamishwa hata kama sura yake haijulikani. Na pale mlinzi anapotia shaka bila kuwa na hakika, huuliza makao makuu kwa njia ya intaneti na kupata jibu katika muda mfupi mno.

Jambo hili la mwisho lina maana kwa msafiri. Taasisi ya AV-Comparatives ya Austria, ambayo nayo hufanya majaribio ya mara kwa mara, imeonyesha kwamba baadhi ya programu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kutambua virusi pindi intaneti inapokatika. Microsoft Defender, inayokuja na Windows, ni mojawapo. Anayerudi likizo kijijini na kompyuta yake, akapokea flashi ya picha za harusi mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha, analindwa kidogo kuliko alivyolindwa alipokuwa Riyadh.

Bure ilitoka wapi

Wasomaji waliopita katika vibanda vya intaneti vya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala katika miaka ya 2000 watazikumbuka AVG na Avast, programu mbili zilizoenea bila mtu kulipa senti. Zote mbili zilizaliwa katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia: Avast ilianza mwaka 1988, na kampuni iliyotengeneza AVG ilianzishwa mjini Brno mwaka 1991. Mwaka 2001 Avast iliamua kuwapa watumiaji wa nyumbani programu yake bila malipo. Hesabu ilikuwa ya kibiashara. Mtumiaji wa bure huwa tangazo linalotembea, huenda siku moja akanunua, na kompyuta yake hutoa taarifa za virusi vipya kutoka kona ambayo kampuni isingeweza kufika yenyewe.

Lakini katika Afrika Mashariki ya wakati ule, bure ilikuwa na gharama yake. Mawasiliano yalipitia setilaiti, yakiwa ya polepole na ghali, na orodha ya virusi isiyopakuliwa kila siku ilizeeka upesi. Kirusi cha Conficker, kilichogunduliwa Novemba 2008, kiliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa mtandao na pia kwa flashi, na vibanda vya intaneti vilikuwa mahali pake pa starehe. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, ukanda huu ulipata kwa mara ya kwanza njia ya kusasisha kinga zake bila kungoja usiku kucha.

Tabia ya washambulizi nayo ilikuwa ikibadilika. Kirusi cha ILOVEYOU, kilichotoka Ufilipino Mei 2000 na kuzunguka dunia kwa barua pepe, kiliharibu mafaili na kuiba maneno ya siri, lakini kilikuwa kazi ya kijana mmoja. Wanaoandika virusi leo kwa sehemu kubwa wanatafuta fedha, na wanafanya hivyo kwa mpangilio wa kibiashara.

Biashara ya bure ilionyesha upande wake wa pili Januari 2020. Uchunguzi wa magazeti ya intaneti ya Motherboard na PCMag ulifichua kwamba Avast ilikuwa ikikusanya taarifa za tovuti zinazotembelewa na watumiaji wake na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilifungwa mwezi huohuo. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza taarifa za aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Tume ilisema taarifa hizo ziliuzwa kwa zaidi ya wanunuzi 100. Watu walioweka mlinzi mlangoni walikuta mlinzi mwenyewe anaandika daftari la wanaotoka na kuingia, kisha analiuza sokoni.

Mteja anayedhani ana uwanja mpana wa kuchagua anapaswa pia kujua kwamba majina mengi yana baba mmoja. Avast iliinunua AVG mwaka 2016. Kampuni yenye programu ya Norton ikainunua Avira ya Ujerumani mwaka 2021, na mwaka 2022 ikaungana na Avast. Kampuni iliyotokana na muungano huo inaitwa Gen Digital. Kwa hiyo Norton, inayouzwa, na AVG, Avast na Avira, zinazotolewa bure, hutoka mikononi mwa mwenye nyumba mmoja.

Mlinzi aliyemo ndani

Septemba 2009 kampuni ya Microsoft ilianza kutoa programu yake ya kukinga virusi bure kwa watumiaji wa nyumbani. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga hiyo imekuwa sehemu ya mfumo wenyewe, na sasa inaitwa Microsoft Defender. Mwanzoni wapimaji hawakuisifu, na wengi waliichukulia kuwa kibanda cha muda hadi nyumba ya kweli ijengwe. Hali imebadilika. Katika duru nyingi za majaribio ya AV-TEST ya miaka ya karibuni, Defender imekuwa ikipata alama za juu kabisa, sawa na programu zinazouzwa.

Huu ndio ukweli ambao muuzaji wa kijisanduku hana haraka ya kuutaja. Katika kazi ya msingi, yaani kutambua kirusi na kukizuia, tofauti kati ya programu nzuri ya bure na programu nzuri ya kulipia ni ndogo mno kuweza kuonekana nyumbani. Mara nyingi kampuni moja hutumia injini ileile katika programu zake za aina zote mbili.

Defender ina kasoro zake. Uwezo wake hupungua bila intaneti, kama ilivyoelezwa. Katika kompyuta yenye nguvu ndogo, kunakili mafaili mengi kwa pamoja huweza kuwa kwa polepole. Na kinga yake maalumu dhidi ya virusi vya kikomboleo, inayozuia programu ngeni kugusa folda za picha na nyaraka, haiwashwi yenyewe. Mtumiaji hulazimika kuingia katika mipangilio ya usalama ya Windows na kuiwasha.

Anayelipa hulipia nini

Fedha hununua vitu vingine. Kifurushi kimoja cha kulipia huweza kulinda kompyuta na simu kadhaa za familia. Huwa na mahali pa kuhifadhia maneno ya siri, udhibiti wa kile watoto wanachokiona, nafasi ya kuweka nakala za mafaili, na njia iliyofichwa ya kupita mtandaoni. Hii ya mwisho hupendwa sana katika nchi za Ghuba, ingawa haimwondolei mtu wajibu wake mbele ya sheria ya Saudi Arabia ya mwaka 2007 inayohusu makosa ya mtandao.

Kilicho muhimu zaidi pengine ni sauti ya binadamu kwenye simu. Mzee anayeishi peke yake Jeddah, ambaye watoto wake wako Nairobi na Zanzibar na ambaye kila tangazo linalochomoza kwenye kioo humtia hofu, anaweza kufaidika zaidi na huduma hiyo kuliko na injini yoyote ya kutambua virusi. Kwa mtu kama huyo, kulipa kuna mantiki. Kuna mantiki pia kwa nyumba yenye simu nyingi na vijana wasiopitwa na kiungo chochote, na kwa mtu anayefanya kazi mahali pasipo na intaneti ya uhakika, mradi achague programu ambayo majaribio yanaonyesha kwamba huhimili kukatika kwa mtandao.

Mengine yaliyomo kwenye kifurushi yanapatikana kwingineko bila malipo. Microsoft na Google hutoa huduma za kusimamia vifaa vya watoto, na vivinjari vyote vikubwa huhifadhi maneno ya siri.

Bei nayo inahitaji kusomwa mara mbili. Ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa huwa ya mwaka wa kwanza; ya mwaka wa pili, ambayo mara nyingi ni kubwa zaidi, hukatwa yenyewe kutoka kwenye kadi ya benki. Mwaka 2009 kampuni za Symantec na McAfee zilikubali kulipa dola 375,000 kila moja jimboni New York kwa tuhuma za kuhuisha leseni za wateja bila kuwaeleza bayana. Desturi ya kuhuisha yenyewe haikukoma. Kilichobadilika ni uwazi wa maelezo. Anayenunua kwa kadi ya benki anaweza kuzima uhuishaji huo siku hiyohiyo katika akaunti yake, na leseni itaendelea hadi mwaka uishe.

Kulipa hakumhakikishii mtu kwamba kompyuta yake itabaki kuwa yake. Mwaka 2021 Norton iliingiza katika programu yake ya kulipia nyenzo ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa nguvu za kompyuta ya mteja, ikijikatia asilimia 15 ya mapato. Nyenzo hiyo haikufanya kazi bila mteja kukubali, lakini wengi walishangaa kuikuta humo, na malalamiko yalikuwa makali.

Suala la nani anaaminiwa limefika hadi kwenye siasa za mataifa. Machi 2022 idara ya usalama wa mtandao ya Ujerumani iliwashauri watu kubadilisha programu za Kaspersky, kampuni ya Urusi, na Juni 2024 Marekani ikatangaza marufuku ya kuziuza. Kaspersky imekanusha daima kwamba ni hatari kwa yeyote, na mwaka 2023 ilifungua mjini Riyadh kituo ambapo wateja na serikali wanaweza kukagua programu zake. Kwa Waafrika Mashariki walioko Marekani marufuku hiyo ilikuwa na matokeo ya ajabu: Septemba 2024 baadhi ya wateja walifungua kompyuta zao na kukuta Kaspersky imetoweka na mahali pake pamekaliwa na programu nyingine, UltraAV, ambayo hawakuiweka wao.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Mjadala wa bure na kulipia huacha pembeni njia ya tatu, ambayo katika nyumba nyingi ndiyo ya kwanza. Ni kuchukua programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli la leseni, ile ambayo vijana huiita kraki, kutoka kwenye tovuti isiyojulikana au kwenye flashi ya jirani.

Anayefanya hivyo huombwa kwanza azime kinga yake ili kraki iweze kukubali. Huko ni kumwambia mlinzi aende akalale kisha kumfungulia mgeni mlango kwa mkono wako. Familia ya virusi vya kikomboleo iitwayo STOP, au Djvu, imewaumiza watu wa kawaida majumbani kwa miaka mingi, na njia yake kuu ya kuingilia ni kraki. Picha zote na nyaraka zote hufungwa, na ujumbe huachwa ukidai dola 980, au 490 kwa atakayelipa ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa nyenzo ya bure iliyoweza kufungua mafaili ya waathirika wa aina 148 za kirusi hicho, lakini aina zilizofuata zilibadilishwa, na nyingi haziwezi kufunguliwa bila ufunguo wa mwizi. Kabla ya kulipa mtu yeyote, mwathirika anashauriwa kutazama tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Humo hukusanywa funguo zilizopatikana, na hazilipiwi.

Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaonunua kompyuta kutoka Haraj bin Qasim, soko kubwa la mitumba la kusini mwa Riyadh, au kutoka kwa mfanyakazi mwenzao anayerudi kwao. Huenda Windows iliyomo ni ya kraki, na huenda masasisho yamezimwa ili isigundulike. Kuweka programu ya kulipia juu ya msingi wa namna hiyo ni kutia kitasa cha fedha kwenye mlango ulioliwa na mchwa. Mnunuzi wa mitumba ana heri kuifuta kompyuta yote na kuweka Windows upya kutoka kwenye tovuti ya Microsoft. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 huwa na leseni iliyohifadhiwa ndani ya kifaa chenyewe, na mfumo hujitambua bila kununuliwa tena, mradi toleo linalowekwa ni lile lililokuja nacho.

Kuna pia programu za kinga ambazo zenyewe ndizo kirusi. Dirisha huchomoza likisema kompyuta imekutwa na virusi kadhaa na kwamba mtumiaji alipie sasa ili viondolewe. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilifungua kesi dhidi ya mtandao wa wafanyabiashara waliowauzia watu zaidi ya milioni moja programu za uongo za aina hiyo, na mwaka 2012 mahakama ilitoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163. Madirisha hayo yangalipo. Kinga ya kweli haifiki kwa tangazo la tovuti ya filamu.

Tarehe za kukumbuka

Mei 12, 2017 kirusi cha WannaCry kilikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ufa kilioutumia ulikuwa umezibwa na Microsoft tangu Machi 14, takriban miezi miwili kabla. Walioumia kwa sehemu kubwa ni wale ambao mifumo yao haikuwa imesasishwa, wenye programu za kulipia na wenye za bure kwa pamoja.

Ndiyo sababu umri wa Windows una uzito kuliko jina la programu ya kinga. Msaada wa kawaida kwa Windows 10 ulimalizika Oktoba 14, 2025. Microsoft ilitoa nafasi ya kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, yaani takriban riali 112 za Saudia, au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya Microsoft. Defender katika Windows 10 imeahidiwa kupata orodha za virusi hadi Oktoba 2028. Ahadi hiyo isimdanganye mtu: orodha mpya ya wahalifu haizibi ufa wa ukuta. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubali Windows 11, na mwenye kompyuta hiyo anaweza kufikiria kuweka Linux, ambayo ni bure na huenda vyema kwenye mashine za zamani.

Mnunuzi wa kompyuta mpya ana jambo lake dogo. Mara nyingi hukuta programu ya kulipia imekwishawekwa kwa majaribio ya siku 30 au zaidi, na Defender imejiondoa ili kuipisha. Majaribio yakiisha, dirisha la kudai malipo huja kila asubuhi na kinga huwa haisasishwi ipasavyo. Asiyetaka kulipa aiondoe kabisa programu hiyo, awashe kompyuta upya, kisha ahakikishe kwamba Defender imerejea kazini. Kuacha programu mbili zikifanya kazi kwa pamoja hakuongezi ulinzi. Hugombana na kuilemaza kompyuta.

Kwa nyumba nyingi za Al-Suwaidi, basi, yenye Windows halali inayosasishwa inaweza kubaki na Defender bila wasiwasi. Fedha za kijisanduku zingefanya kazi bora zaidi zikinunua diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Diski hiyo huchomekwa mara moja kwa wiki, picha na nyaraka hunakiliwa, kisha huchomolewa na kuwekwa kabatini, kwa kuwa virusi vya kikomboleo hufunga pia kila diski vinavyoikuta imechomekwa. Agosti 15, 2012 kirusi cha Shamoon kilifuta taarifa katika kompyuta zipatazo 30,000 za kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco, kampuni isiyokosa fedha za kununulia kinga yoyote inayouzwa duniani.

Mlango usio na mlinzi

Wizi mwingi unaowapata wahamiaji siku hizi hauhitaji kirusi. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa afisa wa benki au wa Jawazat, idara ya pasipoti, na kumwambia mwenye simu kwamba iqama yake itasimamishwa. Kisha humwomba afungue Nafath, programu ya simu ya kuthibitisha utambulisho, na achague namba atakayotajiwa. Namba hiyo ndiyo idhini. Anayeichagua amemfungulia mwizi huduma za serikali na za benki kwa jina lake mwenyewe, na hakuna programu ya kinga, ya bure wala ya kulipia, itakayopiga kelele, kwa sababu kwa macho ya kompyuta aliyefungua mlango ni mwenye nyumba.

Baadhi ya vifurushi vya kulipia huzuia tovuti bandia zinazoiga kurasa za benki, na vivinjari vya kisasa hufanya hivyo pia bila malipo. Lakini simu na ujumbe mfupi hupita nje ya uzio huo. Nchini Saudi Arabia ujumbe wa ulaghai unaweza kutumwa kwenye namba 330330, na makosa ya mtandao huripotiwa kwa programu ya simu ya Wizara ya Mambo ya Ndani iitwayo Kollona Amn. Kwa ndugu walioko Tanzania, ambao mara nyingi ndio wanaotumiwa ujumbe wa kuwataka watume fedha kwenye namba nyingine, Mamlaka ya Mawasiliano hupokea taarifa hizo kwenye namba 15040.